Doa la Kijani kwenye Difu

Jumatatu, 5 Juni

Nimefanya kitu cha kijinga. Nimesugua difu, lile tungi la gia kwenye ekseli ya nyuma ya gari! Mjomba Ghalib alikuwa kazini, mimi niko likizo, nikasema nimfurahishe. Grisi ya miaka hamsini, brashi ya waya, dawa. Ikang'aa. Chini ya grisi palikuwa na doa la rangi, kijani au buluu, sijui — nimeliona tu likiondoka na kitambaa.

Sikupiga picha.

Na sheria ya Mjomba ni moja: picha kwanza, kusugua baadaye. Gari hili la 1970 analirudisha lilivyotoka kiwandani hapahapa Detroit. Chesisi nyeusi isiyong'aa. Sakafu kwa chini praima nyekundu, ile rangi ya msingi. Hata michirizi ya rangi tunaiiga, palepale mafundi walipoikosea. Doa lile ni mtu wa kiwandani alikuwa anasema: nimekagua, pitisheni. Nami nimemfuta.

Akijua atanitoa gereji. Shuleni siongei. Msikitini siongei. Kiingereza ninacho, Kiarabu ninacho, vyote vinanikwama. Chini ya gari hili tu ndipo naongea, mpaka Mjomba ananiomba nipumzishe ulimi.

Jumatano, 7 Juni

Mama katuletea chai ya maziwa na sabaya, mkate wetu wa matabaka na asali. Vyangu nimeviacha vikapoa. Mjomba kauliza, "Vipi Bushra, leo redio imeisha betri?" Nikacheka kicheko cha uongo. Kisha akaingia chini ya gari, upande wa nyuma. Akatoka, akajifuta mikono, akaanza kusifu hali ya hewa. Hali ya hewa!!

Kaona. Najua kaona.

Alhamisi, 8 Juni

Nimesema! Alikuwa anachanganya rangi, kanipa mgongo — ndiyo maana nikaweza. Nusu Kiarabu, nusu Kiingereza, mbio mbio: doa la difu nimelifuta mimi, sina picha, nisamehe.

Hakugeuka. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Anacheka!

Kumbe mwenyewe Jumapili kafuta alama ya chaki ya kiwandani, kwenye bati la mbele ya injini. Kaona vumbi, kitambaa mkononi, kapangusa. Bila picha! Na jana alipoona difu tupu akadhani hata doa hilo kalifuta yeye, kasahau tu. "Nimekuwa nakukwepa, mwanangu. Nilijua utanicheka mpaka Idi."

Nimekula sahani mbili za wali. Nimejisikia mwepesi hadi nikaosha vyombo bila kuambiwa.

Baadaye tukaenda kwa Bwana Stachura, mtaa wa pili. Ana gari kama letu, la mwaka uleule, halijaguswa. Nikalala chini na tochi. Kijani! Na chaki ipo vilevile. Nimepiga picha hadi simu ikapata moto. Bwana Stachura kasema, "Ghalib, huyu mpwa wako anapiga picha kama yuko harusini."

Jumamosi, 10 Juni

Leo wenzake wa klabu ya magari ya kale wanakuja kukagua gari kabla ya maonyesho. Mjomba kachora chaki yake, kisha kanipa brashi ya doa. Mimi!

Nikapaka. Duara safi kama kifungo. Akaguna. "Futa. Yule jamaa alikuwa anapitisha magari mchana kutwa, ana njaa, anawaza chakula. Wewe unapaka kama uko kwenye mtihani." Nikafuta. Mara ya pili bado nadhifu. "Liharibu, binti! Liharibu!" Mara ya tatu nikafumba macho, nikapiga — pyaa! Nusu kwenye difu, tone likatiririka, jingine ndevuni mwa Mjomba. Akatazama, akatazama. "Usiguse tena."

Sasa niko nyuma ya rundo la matairi na daftari hili. Wamefika. Wamelala chini ya gari, naona viatu tu. Mmoja kauliza hili doa la difu ni la asili? Mwenzake kamcheka: huoni linavyotiririka, nani leo atapaka hovyo hivyo! Mjomba kawaambia aliyepaka yumo humuhumu, muulizeni mwenyewe kafanyaje.

Wanachomoka mmoja mmoja. Wanapangusa suruali. Mjomba haniiti, hata huku haangalii. Mmoja kasema, haya, yuko wapi huyo?

Nimesema, "Hapa."

Wote wamegeuka —