Mapafu Bila Koromeo

Jumatatu, 13 Januari

Mjukuu kaja na karatasi za shule. Sheria za somo la biolojia. Kurasa tatu, herufi ndogo kama sisimizi. Mzazi asome, kisha atie saini. Mama yake yuko mbali kikazi, kwa hiyo mzazi ni mimi.

Kusoma najua. Ila nasoma kwa kidole, na midomo inacheza. Mtoto kasimama hapohapo na kalamu. Mimi, niliyekuwa na bucha watu wanapanga foleni mpaka barabarani, nifuate mstari kwa kidole kama wa chekechea? Nikatazama kila ukurasa, nikaguna kidogo, nikatia saini. Saini yangu ina mkia.

Babu, umezisoma zote? Nikasema zote, na mbili tatu ningewarekebishia.

Akacheka. Akasema ile ya mwisho ndiyo kali: ukikosa kazi za vitendo mara mbili, unatolewa kwenye somo. Na bila biolojia hakuna uuguzi. Nikamwambia wewe hukosi, una damu yangu.

Ijumaa, 7 Februari

Amekosa moja. Alichelewa, akakuta mlango wa maabara umefungwa. Mchelewaji hafunguliwi, ndiyo sheria yao.

Alichelewa kwa sababu nilikuwa namsimulia nilivyomwangusha fahali peke yangu. Hadithi anaijua. Alisimama mlangoni na begi mgongoni, heshima ikamzuia kuniacha njiani.

Kosa la shule. Mlango gani huo.

Jumanne, 4 Machi

Kesho wanapasua mapafu ya mbuzi. Kila kundi lije na yake. Wenzake watatu wamemwachia yeye, maana babu yake ni bucha. Watoto wana akili hao.

Kasema, Babu, yawe kama karatasi ilivyosema. Nikamuuliza, unanifundisha mapafu, mimi?

Nikaenda bucha. Siku hizi analiendesha mpwa wangu. Alitaka kuyatumbukiza kwenye mfuko hivyohivyo, koromeo linaning'inia kama mpira wa bustani, utando, mafuta. Kitu kitoke kwenye bucha langu vile? Nikamnyang'anya kisu. Mjomba, yaache, watu wa shule wanayataka hivi. Nikamwambia wewe ulikuwa bado unanyonya mimi nakata.

Nikaondoa koromeo. Nikavua utando, nikanyoosha kingo. Yaling'aa. Ungeyaweka dirishani.

Mkono bado ninao.

Jumatano, 5 Machi

Karudi. Alivua viatu akaenda kuosha vyombo. Vyombo vilikuwa safi.

Jioni alikuja rafiki yake, yule wa miwani, kurudisha kitabu. Nikamvutia pembeni. Kasema kila kundi lilichomeka mpira kwenye koromeo, likapuliza kwa pampu ya baiskeli. Mapafu ya wenzao yakapanda kama unga wa mkate. Wao hawakuwa na pa kuchomeka. Walilazimisha kwenye tundu, hewa ikatoka kila upande, inalia. Darasa zima likacheka. Mwalimu akauliza nani kayakata, wakati sheria inasema yaletwe mazima na koromeo lake?

Mjukuu wangu akasema, mimi. Nilidhani nayasafisha.

Sifuri, na kwao sifuri ni sawa na kukosa. Ya pili hiyo.

Yule wa miwani akaniambia, lakini Babu, alikata vizuri, kama bucha kabisa. Halafu akaangalia chini.

Kinajua kitoto kile.

Nimejifungia chumbani na zile karatasi. Nimesoma kwa kidole mpaka macho yakatoa maji. Ipo. Ukurasa wa pili. Wameipigia mstari.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeitwa shule. Nikavaa koti nililovaa harusi ya binti yangu. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi: Mwalimu, nilikata mimi.

Mwalimu wa biolojia ni binti mdogo. Shikamoo mzee, karibu, kiti hiki hapa. Maabara inanukia dawa, sheria zimebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, hata mimi nazisoma kutoka mbali. Usile. Usikimbie. Usiguse usichoambiwa.

Nikafungua mdomo. Nikamsimulia habari za fahali.

Ndiyo. Mwanzo mpaka mwisho. Akanisikiliza kwa adabu. Mjukuu kasimama karibu na sinki, koti lake jeupe kalikunja mkononi.

Nilipomaliza mwalimu akasema, mtoto amekiri mwenyewe, na hilo linamsaidia kidogo, ila uamuzi ni wa mwalimu mkuu Jumatatu. Mzee athibitishe hapa, akanisogezea fomu. Kengele ikalia, akatoka kuwatuliza wanafunzi.

Safari hii nilisoma. Kwa kidole, mbele ya mtoto. Mzazi alisoma sheria na kumweleza mwanafunzi. Kosa ni la mwanafunzi. Nikarudia tena, labda nimekosea. Sikukosea.

Akaninong'oneza, Babu, tia tu.

Nikatia. Na mkia wake.

Jumapili, 9 Machi

Mama yake kapiga simu. Baba, mtoto kafanya nini huko? Nikamjibu, watoto wa siku hizi, wanasikia basi.

Simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje, maana sikio langu moja limechoka. Mjukuu alikuwa anapiga pasi sare. Pasi ikasimama. Halafu ikaendelea.

Baadaye kaniletea chai. Sukari sawasawa. Kaniuliza kama mgongo bado unauma. Afadhali angenitukana. Tusi ningelijibu.

Jumatatu, 10 Machi

Niko kwenye benchi, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Mjukuu hajui kama nimekuja. Yuko ndani na yule mwalimu wake. Naandika ili mikono ipate kazi.

Karani kaniuliza, mzee una miadi? Nikamwambia mji huu nimeulisha nyama mimi, sihitaji miadi. Kasema haya, kaa. Sijui kwa nini nilisema vile.

Mlango ni wa ubao mwembamba. Nasikia. Mwalimu mkuu anauliza, babu yako si bucha, kwa nini hukumuuliza? Kisha sauti ya mjukuu, ndogo: Babu hakuwepo. Nilichukua kisu mwenyewe.

Kasema uongo kwa ajili yangu, na hata kuusema hajui. Kisu cha bucha mtoto huyu hajawahi kukishika.

Mwalimu mkuu anasema basi biolojia ataiacha, atafutiwa somo lingine. Yeye kasema, ndiyo mwalimu.

Nimesimama. Nimekaa. Nimesimama tena, nikamwambia karani nataka kuingia sasa hivi. Kanipa kikaratasi: jina, na sababu ya kuja. Kasema bila hicho hafungui, ndiyo utaratibu.

Jina nimeandika. Kwenye sababu nilianza na Mimi ni bucha wa zamani, nikaikata. Sasa najaribia hapa kwanza, nisiharibu karatasi ya watu.

Mapafu yalikatwa na babu. Mtoto hana kosa. Sheria sikuzisoma, nilisema nimezi

Karani kanyoosha mkono. Mzee, vipi, wanamaliza humo ndani. Nyuma yangu kuna mama mmoja naye anasubiri, anachungulia juu ya bega langu, anaona kidole. Aone. Nimemwambia karani avumilie, mimi naandika polepole. Na kusoma ni hivyohivyo, nimemwambia.