Kaseti ya Bibi na Makelele ya Wafini

Kaka Nasri,

Leo nimenunua albamu mpya ya Wafini wako, ile bendi ya roki ya watu wa Finland, na nimetamani kuipasua kwa meno. Hawapigi kelele tena, Kaka! Hata mara moja. Yule mwimbaji aliyekuwa akinguruma mpaka koo linataka kuchanika, sasa anaimba taratibu, kinanda kinamfuata nyuma, na wimbo mmoja unachukua dakika kumi na mbili. Ungeirusha dirishani. Ungenirusha na mimi.

Mwaka umepita tangu tukuzike. Mama halii tena mbele za watu. Baba kazeeka ghafla, anakaa na redio asiyoiwasha. Mimi nimemaliza chuo Nizwa, na hasira zangu zimezidi. Wiki iliyopita nilivunja sahani tatu ukutani kwa sababu mtu aliniambia kila jambo lina kheri yake. Kheri gani? Ngamia kakatiza barabara, kaka yangu kafa, kheri gani?

Unakumbuka albamu yao ya kwanza? Ilikuwa miaka ya tisini, Ibra, kwenye stoo ya nyuma, joto la kuchoma nyayo, nasi tunawasikiliza watu wakiimba habari za theluji. Hedifoni moja, sikio langu na sikio lako. Ngoma zinapigwa kama mtu anayevunja mlango. Wimbo dakika mbili, umekwisha, haya mwingine! Albamu nzima nusu saa. Ukinisukuma kwa bega, nami nakusukuma, mpaka siku ile nilipokutoa damu puani ukacheka.

Rafiki yako aliyetuazima aliitaka kaseti yake jioni ile ile, na kaseti tupu hatukuwa nayo. Nyumba zetu sisi tuliorudi Oman kutoka bara zote zilikuwa na kaseti za barua: jamaa wa Tabora wanazungumza humo, wanasalimia mmoja mmoja, kisha wanampa msafiri atuletee. Ulipokwenda kuswali Alasiri nikatoa moja kabatini, nikaziba vile vitundu vya juu kwa karatasi ili ikubali kurekodi, nikabonyeza. Mimi, kwa mkono wangu. Wala sikusoma kilichoandikwa juu yake.

Ilikuwa ya Bibi, mama yake Baba. Alikuwa amekufa miezi minne nyuma, na sauti yake haikuwapo kwengine popote.

Ijumaa, baada ya chakula, Baba akaiweka ili yeye na ami zetu wamsikie mama yao. Ikatoka ile ngurumo. Baba akanyanyuka na bakora. "Nani?" Nikafungua mdomo, wallahi nilifungua, lakini wewe ukatangulia: "Mimi, Baba." Alikupiga mpaka bakora ikavunjika, akaendelea kwa mkono, pete yake ikakupasua juu ya jicho. Ami wawili ndio waliomshika. Kaseti akaitupa jalalani, akasema hataki kuiona milele. Nami nikanyamaza. Miaka yote nikanyamaza, na lile kovu nikiliona kila asubuhi.

Kisha Wafini wakaanza kubadilika. Albamu ya tatu wakaingiza kinanda. Ya nne wakashika magitaa yasiyo ya umeme, na nyimbo za kizamani za kwao, na mwimbaji akatoa sauti safi. Mimi nilizipenda. Wewe ukasema, "Hawa khalas, wamekufa." Siku ile ya mwisho tulikuwa tunarudi kutoka Muskat kwa shangazi. Nikaiweka ya nne garini, ukaichomoa, ukaitupa nje. Nikakuzaba kofi nawe unaendesha. Gari likayumba, na nikasema neno ambalo hadi leo linanichoma:

"Wewe uliyefuta sauti ya Bibi, wewe ndiye wa kunifundisha mimi kusikiliza?"

Nilikwambia hivyo wewe. Mimi niliyeifuta! Ukalirudisha gari njiani. Bidbid, pale njia zinapogawana, nikateremka nipande basi la Nizwa, nikaubamiza mlango. Sikukutaka radhi. Hata "nenda salama" sikusema. Ukakata njia ya Ibra, na nyumbani hukufika.

Juzi Mama kanipa boksi la vitu vilivyotolewa garini mwako. Ndani yake ile kaseti, na karatasi zangu bado zimo vitunduni. Kumbe uliiokota jalalani! Haikuwa imerudishwa mwanzo. Nikaiweka, makelele yakaja sekunde chache, yakakatika. Kisha Bibi akakohoa.

Dakika kumi na tano zake zimebaki, Kaka. Upande mmoja wa kaseti ni dakika arubaini na tano, na wao siku zile walikuwa na hasira na haraka, nusu saa wamemaliza. Hii albamu ya leo ingemmeza Bibi mzima mzima. Anasalimia, anamlaumu Baba kwa viatu alivyompelekea, vinambana, na mwisho anasema, "Nasri, mdogo wako ana hasira za karibu. Mwangalie, usimwache akapigwa." Kaseti ikagota mwisho.

Nimepiga ukuta mpaka vidole vimevimba. Kwa nini hukuniambia? Kofi langu ungelirudisha kwa neno moja tu, mshenzi we, ukanyamaza!

Ijumaa hii ami wanakuja. Baada ya chakula nitairudisha kaseti mpaka mwanzo, niiweke mbele ya Baba, nao watakaa na makelele yote mpaka Bibi akohoe. Na Wafini wakiwa bado wananguruma, nitasema ni nani aliyeziba vile vitundu.

Nihalalie, Kaka. Mola akulaze pema. Baba akiuliza bakora iko wapi, nitamletea mwenyewe.

Mdogo wako,
Zuwena