Hapa Kwetu Tunavua

Shoga, acha kupiga pasi usome hapa. Nimejifungia bafuni.

Leo si ndiyo nimempeleka nyumbani yule wangu wa baharini. Miguu ilikuwa imemtoka vizuri, si unajua huwa inatoka akikauka. Viatu nilimwazimia vya kaka.

Baba kafungua mlango. Kaangalia zulia jipya, kaangalia vile viatu, akasema, "Karibu mwanangu, ila hapa kwetu tunavua."

Tunavua. Anamwambia mtu wa baharini. Masikini baba wa watu, hajui lolote.

Mwenzangu kaganda mlangoni. Akauliza kwa adabu zote, "Shikamoo baba. Mnavua nani?"

"Kila anayeingia. Hata mgeni. Hatubagui."

HATUBAGUI, shoga.

Ningetamka "viatu" tu, yangekwisha. Kabla sijafungua mdomo, mama naye huko jikoni, "Mafuta yameshachemka, mleteni huyo mgeni!"

Nikajua sasa anakimbia. Hakukimbia. Alinitazama, akafumba macho, akamwambia baba, "Kama ni lazima, basi anivue yeye."

Yeye ndiyo mimi. Mtu alikuwa tayari kabisa, shoga. Nusura nilie.

Baba anawaza viatu. "Binti yangu akuinamie akuvue viatu? Kwani wewe mtoto wa mfalme?"

Na huyu, bila hata kutabasamu: "Wa tatu, baba."

Wa tatu.

Miezi mitano mtu ananiambia kwao wanafuga kaa.