Jina Lisilo na Wenzake

Data,

Jumapili hii mtoto wangu anabatizwa, na mpaka juzi hakuwa na jina. Ndiyo, baba yangu, una mjukuu. Ni msichana, ana sauti ya kuamsha kilima kizima, na baba yake ni dereva wa lori aliyekwenda Kahama mara moja tu na simu yake haipatikani mpaka leo. Usikasirike. Mama ameshakasirika kwa niaba yako na kwa niaba ya ukoo wote, hata wale waliobaki ng'ambo. Kwa hiyo jina la ukoo la huyu mtoto liko mikononi mwangu, na mimi nilikuwa na moja tu la kumpa, lile lako. Nalo ndilo lililokuua.

Basi, nimelisema. Nilitaka nilifikie taratibu, nianze na salamu na habari za mahindi, lakini unanijua. Mahindi ni mazuri. Mihogo imeingia ugonjwa. Mama anakohoa na hataki kwenda hospitali. Barabara ya kwenda Kibondo bado ni vumbi tupu, na mwaka huu wamepita watu wengi mno kutoka Burundi, wamebeba magodoro na kuku na watoto, kama ninyi enzi zile. Kijiji chetu chote cha Makere kinanuka moshi wa kuni zao. Nikikutana nao njiani wananiuliza kwa lugha ya nyumbani, "Uri uwa nde?" Mimi ni wa nani? Nikiwajibu Wadbrook, wanacheka kwa heshima, wanadhani sikusikia swali.

Unakumbuka karani wa sensa? Yule mwalimu wa Tanga aliyekuja kutuhesabu mwaka ule, akakaa kwenye kigoda chako akinywa maji? Alikuambia ulitaje jina mara ya pili, halafu akaacha kuandika, akakutazama. "Mzee wangu, hilo si jina la kocha wa mpira?" Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukamwelezea, maana ulipenda kuelezea. Ulimwambia kwamba kwa watu wetu kila mtoto ana jina lake peke yake, kaka hafanani na dada, baba hafanani na mwana. Ukamwambia pia lile lingine, kwamba mtu akigombana na jirani, mtoto anayezaliwa mwaka huo ndiye anayebeba ugomvi. Jirani analisikia tusi lake kila mtoto anapoitwa kula. Mwalimu hakuamini. Ukampa mfano wa jina lako la kwanza, alilokupa Babu: Nzikobanyanka. Najua kwamba wananichukia.

Hukumwambia yaliyobaki. Sisi ulituambia mara moja tu, mimi na Samweli, siku uliyokunywa pombe ya ndizi ya arusi. Babu aliwatupia jirani zake jina hilo, na ule mwaka wa mauaji kule Burundi jirani zake wakalitimiza. Walimkata mlangoni. Walimwita mwanawe kwa sauti, "Nzikobanyanka, toka nawe," huku Bibi amekuziba mdomo kwenye migomba. Ulikuwa mdogo, lakini ulipokua uliapa kwamba hutampa mtoto wako jina lenye meno.

Ndipo ukampata yule Mwingereza, fundi mwashi wa misheni, Bwana Wadbrook. Mzee asiye na mke wala mtoto, aliyekufundisha kupima ukuta kwa uzi na timazi na kukuzaba kofi tofali likikaa upande. Alipoulizwa wewe ni nani, alisema ni wa kwake. Ulilichukua jina lake na hukulirudisha. Ukalitia kwetu sote, mimi na Samweli, hata Mama, japo Mama alipiga kelele kwamba jina la mtu ni la kwake peke yake, haligawanywi kama ugali. Wewe ukasema, "Hili halimtukani mtu. Na tukipotezana, tutatafutana kwalo." Halafu ukamaliza na msemo wako: jina jema hung'ara gizani. Nilikuwa naupenda msemo huo. Sasa nikiusikia kanisani natamani kumrushia mtu kiatu.

Sikiliza, nimelitafuta hilo jina. Pale Kibondo, kwenye duka la steshenari ninakofanya kazi, kuna kompyuta ya wateja, na siku wateja hawapo nakaa mimi. Nimekuta ukurasa unaoeleza majina ya Waingereza, yalitoka wapi na yanabebwa na watu wangapi. Lako limo. Kumbe ni jina la mahali, kijito fulani ambako watu walivuka kwa miguu, na wale wa kijijini hapo wakahama wakaondoka nalo. Walikuwa waashi na wasaga nafaka. Ungefurahi sana kwa hilo la uashi, ungelisema kwa kila mtu sokoni. Lakini inasema hawakuwahi kuwa wengi, na vita viliwamaliza vijana wao, na mabinti wakaolewa wakabeba majina ya waume. Sasa limewekwa kwenye orodha ya majina yanayokufa. Kuna ramani ya dunia, imepakwa rangi kila nchi wanakopatikana. Uingereza kidogo. Australia kidogo. Nimeishusha ramani mpaka kwetu, Data. Tanzania ni nyeupe. Hatumo.

Nilizima kompyuta nikaenda nyuma ya duka nikapiga ukuta ngumi mpaka mkono ukavimba. Ule ulikuwa ukuta wa mtu mwingine, tena umejengwa vibaya.

Kwa sababu swali lile ndilo walilokuuliza. Lile lile la kwenye ramani, nani mwingine analo.

Najua ulikuwepo. Lakini kuna mambo uliyaona ukiwa umelala kifudifudi, na mimi niliyaona nimesimama, kwa hiyo nakusimulia. Ilikuwa asubuhi, umande haujakauka. Msako wa wahamiaji ulikuwa umeshapita vijiji vya chini na tulijua askari wanakuja, ila wewe ulikuwa unachanganya udongo kama kawaida, ukisema mtu wa kufukuzwa hajengi choo. Walianzia kwa Minani. Zakaria Minani, jirani yako, mliyevuka naye kutoka Burundi mwaka mmoja, wewe mgongoni kwa Bibi na yeye mgongoni kwa mama yake. Nyumba anayolala uliijenga wewe. Nilikuwa kwenye uzio nikawasikia wanamuuliza jina, naye akasema Minani, na yule mkubwa wao, mgeni wa mkoa mwingine, akamgeukia mgambo wa hapa: "Hili jina ni la huku?" Mgambo akajibu, "Akina Minani wako kila kilima, afande. Kila aliyezaliwa wa nane anaitwa hivyo. Ni Waha." Wakamwachia. Hivyo tu. Halafu yule mkubwa akamwambia kama wewe ni mwenyeji kweli, tuonyeshe asiye mwenyeji.

Naye akanyoosha mkono. Hakufungua hata mdomo, Data. Alinyoosha mkono juu ya uzio kuelekea kwetu.

Uliwapokea kwa karibuni. Ukataja jina lako kwa ile sauti yako ya kanisani. Yule mkubwa akasema, "Wadbrook ndiyo kabila gani?" Ukaanza kueleza. Ulipenda kuelezea! Ulikuwa umefika kwenye timazi aliposema, "Nitajie mtu mwingine mmoja, nje ya uzio huu, mwenye jina hili. Mmoja tu. Nakuacha." Nilikuona ukitafuta, kwa kweli ulitafuta, macho yalikuwa yanakwenda huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo. Ukasema, "Ni sisi tu."

Kitako cha bunduki kilikupata mdomoni. Meno yalianguka kwenye udongo uliouchanganya. Marungu yakafuata, na wawili kati ya wale wenye marungu nawajua, mmoja nilisoma naye, alikuwa ananiomba penseli. Walikupiga magotini, walikupiga mgongoni, walikupiga mkono wa kulia mpaka ukakaa upande ambao mkono haukai. Samweli aliruka akamng'ata mtu sikio. Walimvunja taya na kumfunga kamba na kumrusha kwenye lori juu ya watu wengine. Wewe walikurusha baada yake. Mama alishika bodi ya lori likaondoka naye hatua kadhaa akaanguka. Nyumba waliitia moto, na mbuzi waliokuwa wamefungwa ndani walilia, na hilo ndilo ninalolisikia mpaka leo. Sauti yako siisikii. Nasikia mbuzi.

Hukufika Munanila, kule mpakani. Watu waliokuwa kwenye lori waliniambia ulikuwa unatema damu na kumwambia Samweli asilie, halafu ukaacha kusema. Wakakushusha kabla ya mpaka, wakakuacha kando ya barabara. Mimi na Mama tulikukuta mchana, nzi wametutangulia. Tulikubeba kwa baiskeli ya muuza mkaa ambaye alikataa tumshukuru.

Na hili ndilo linalonitafuna. Ungetaja jina la Babu ungeishi. Nzikobanyanka linasemwa na kueleweka huku Kasulu nzima, Waha wanayo majina ya namna hiyo mengi. Mgambo angesema ni la huku, afande. Ulilikimbia jina lenye meno ukajificha kwenye jina la kijito cha Ulaya, na hapakuwa na mtu kwenye hicho kijito wa kukutetea. Nina hasira na wewe. Nimekaa nayo miaka hii, nimeona nikuambie wewe mwenyewe badala ya kuwaambia watu.

Samweli alirudi kutoka ng'ambo, amepita milimani, taya limeunga vibaya na akila tunageuza macho. Haongei sana. Ananoa. Kila jioni panga, kila jioni jiwe, amekaa anatazama upande wa Minani. Minani yupo, Data. Anaishi kwenye nyumba ile uliyomjengea. Anasali. Ameongeza sebule, na ukuta wa sebule umepinda, nafurahi. Siku moja alileta ndoo ya maharage, akaiweka kwenye uzio akaondoka, Mama akaimwaga kwa kuku wa watu.

Wiki hii mtoto alipofikisha siku za kutolewa nje, Samweli alivuka uzio. Alianza na migomba, akaiangusha yote, mikungu mibichi ikipasuka chini, halafu mbwa aliyemrukia akamkata katikati. Mke wa Minani alipiga yowe. Minani akatoka akasimama mlangoni, mikono chini, hakukimbia. Alisema, "Samweli, siku ile nilikuwa na watoto ndani." Samweli akainua panga. Mama akafika, sijui kwa miguu gani, akamkumbatia Samweli kiunoni kwa nyuma, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Ukimkata, watatuuliza tena sisi ni nani." Panga lilishuka likakata mlango. Lilinasa kwenye mbao, ikabidi wawili walivute.

Usiku huo Samweli hakulala, na mimi sikulala. Nilimtazama mtoto nikafikiria. Nikimwita Wadbrook, atasimama siku moja mbele ya mtu mwenye bunduki akitafuta mwenzake asimpate. Nikimpa jina la Babu, nitakuwa nimekutukana. Na nikinyamaza, Samweli atavuka uzio tena, safari hii Mama hatamwahi. Kuna kitu ndani ya nyumba hii lazima kitoke, kitoke kwa damu au kitoke kwa mdomo. Watu wetu walilijua hilo zamani, ndiyo maana waliwaita watoto wao vile walivyowaita. Wewe ulidhani ni ushenzi. Mimi sasa naona ilikuwa namna ya kutochinjana, ingawa kwa Babu haikufaa.

Anaitwa Ndabazi. Nawajua. Ni neno dogo, kila mtu huku analielewa, na lina wenzake kila kilima. Nimemwambia mchungaji akakunja uso, nikamwambia Mungu naye anawajua, akaandika.

Leo asubuhi nilikwenda kwenye uzio na mtoto begani nikalijaribu. Nililiita kwa nguvu zote, kama mtu anayemwita mtoto wa umri wa kukimbia, na huyu hata kukaa hajui. Minani alikuwa anakusanya migomba iliyoanguka. Aliinua kichwa, akaiweka chini ile aliyoishika, akasimama tu. Nikaita tena. Akaingia ndani akafunga mlango. Nilipogeuka, Samweli alikuwa ameacha kunoa na ananitazama, mdomo ule uliopinda umefunguka. Akaniomba mtoto. Akaja naye mpaka kwenye uzio, mtu ambaye hata salamu haitoki kinywani mwake, akaita naye, kwa taya lile bovu, jina likatoka limevunjika lakini likatoka. Kisha akalia, Data, kwa mara ya kwanza tangu lori.

Nisamehe. Uliapa kutompa mtoto jina lenye meno, nami nimempa mjukuu wako. Lako nitalibeba mimi, sitalibadilisha nikiolewa, wala nikiulizwa na mtu mwenye bunduki, na nitazikwa nalo karibu yako. Wakitaka kupaka rangi kwenye ile ramani yao waje wanipake mimi. Na nakuahidi hili jingine: huyu mtoto nitamwita kwa sauti kila siku ya Mungu, akiwa karibu nitaita, akiwa mbali nitaita, mpaka Minani ahame au afe au aje kwenye uzio huu aseme kwa mdomo wake kile alichokifanya kwa mkono.

Kwaheri, Data. Lala, mvua zimeanza na kaburi lako nimelijengea ukingo. Nimepima kwa uzi.

Binti yako,
Rehema Wadbrook