Mkono Uliojaa Maji

Jumatatu, 3 Machi
Nimefua kwa mkono mmoja tena. Wa kushoto mzito, umejaa maji tangu nirudi kutoka hospitali Dar. Kule mionzi iliniondolea saratani ya titi. Daktari alinionya: imeunguza pia njia za maji ya mwili kwapani, mkono unaweza kuvimba. Umevimba. Blauzi zote nimezikata mikono.

Mama ananitazama tu. Alivuka ziwa kukimbia vita, akafika hapa kwangu Buzebazeba peke yake. Furaha, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa naye wakiondoka kule. Hasemi yuko wapi. Naogopa kuuliza.

Alhamisi, 6 Machi
Leo kasema, ila si la Furaha. Anataka kunikanda, kama alivyokuwa akikanda wanawake waliotoka kujifungua kwetu ng'ambo. Mawese ya moto, viganja vigumu. Nimelia. Kisha wembe: chale tatu, eti maji yatoke. Hospitali walikataza hata sindano kwenye mkono huu. Nilijua. Nikaunyoosha hivyo hivyo. Mikono yake ndiyo pekee aliyovuka nayo.

Ijumaa, 7 Machi
Homa. Mkono mwekundu, unawaka.

Jumatatu, 10 Machi
Wodini tangu Jumamosi. Dripu. Daktari kafoka, na ana haki. Maji yakituama, vijidudu vinapata makao. Mkwaruzo mdogo tu unatosha. Sumu ikiingia kwenye damu, nakufa. Mama kakaa sakafuni, kaificha mikono ndani ya kitenge. Nimemkasirikia. Nimemhurumia pia, na hilo linaniudhi zaidi.

Jumamosi, 15 Machi
Homa imekwisha. Muuguzi kamfundisha Mama. Kukanda kupo, ila si kwa nguvu wala mawese. Unaanza upande mzima, kwapa la kulia, maji yapate pa kwenda. Ngozi tu isogee. Njia zilizoungua hazirudi zote. Nyingine hufunguka kando, polepole. Kazi ya kila siku, labda maisha yote.

Mama kabenua mdomo. "Ile haiko kukanda. Ni kupangusa vumbi."

Jumapili, 23 Machi
Nyumbani. Chale zimefunga. Mkono bado mnene, ila vifundo vya vidole nimeviona leo, mara ya kwanza tangu Dar. Nimefurahi kama mjinga.

Baada ya chai Mama alinipapasa. Mwepesi kuliko muuguzi. Nikamwuliza wepesi huo kautoa wapi.

"Ni hivi nilimupapasa Furaha mu mtumbwi. Alikuwa na homa. Nilitaka asilie, watu wa bunduki wasitusikie. Akanyamaza. Asubuhi hakuamuka."

Mkono wake haukusimama. Nami sikuuondoa wangu.