Paka wa Tolman Wells

Jumatatu, 7 Mei 1990

Wanakuja! Serikali ya jimbo la Nevada inakiandika upya kile kitabu chake cha wasafiri cha mwaka 1940, na mwandishi atapita hapa Tolman Wells Jumamosi. Nimemsomea Bibi Graxiana barua yao mara mbili. Kaenda kupiga pasi gauni.

Kile kitabu — laana tupu. Miaka ile ya dhiki serikali iliwalipa waandishi wasio na kazi wazunguke jangwa lote, waeleze kila kituo. Aliyepangiwa kwetu akabisha hodi siku ya mikia, watu wote wako kwa jirani wanakata mikia ya wanakondoo. Akaandika: mji umekufa, mkazi pekee ni paka. Bibi alikuwa bi harusi wa juzijuzi, mapazia mapya madirishani. Hata hayo hakuyaona! Mimi shuleni mjini Elko walinililia nyau mpaka nikamng'oa mtu jino.

Jumanne, 8 Mei

Mkosi gani huu! Jumamosi ndiyo siku ya mikia kwa jirani yetu Arana. Kaka yangu Beñat anasema lazima twende wote. Usipokwenda kwa mwenzio, naye kwako haji. Kweli. Bibi kasema yeye habanduki, hata akifa kibarazani, afe anaonekana. Beñat akacheka: basi safari hii wataandika bibi mmoja na paka. Nilimtupia kitambaa cha vyombo usoni. Bibi hakucheka. Machozi yalimlengalenga, na mimi roho iliniuma.

Alhamisi, 10 Mei

Nimekwenda kwa Arana mwenyewe. Nikamwomba asogeze siku. Akakataa katakata, wakataji wameshaitwa kutoka mabonde yote. Nikamwambia basi lete kondoo kwetu, zizi ni kubwa, Bibi atapika. Akauliza kama kutakuwa na maharage ya kitunguu saumu. Nikasema, na mkate wa chunguni.

Akajikuna shingo. "Nyie angalau paka wenu aliandikwa. Sisi hata mbwa wetu hakutajwa."

Anakuja! Nimeimba njia nzima.

Jumamosi, 12 Mei

Ushindi! Naandika nimesimama dirishani jikoni, mkono una mafuta. Kondoo wamefunika barabara yote — mbwa, pikapu, watoto, vumbi, kelele. Arana kala sahani ya tatu. Beñat anamwambia kila mtu kuwa wazo lilikuwa lake. Muongo! Nimemwacha.

Bibi kapaka rangi ya mdomo. Paka wetu wa sasa kamfungia stoo kwa mkono wake mwenyewe.

Gari la serikali! Limekwama katikati ya kondoo, linapiga honi, halina pa kupita. Kashuka mwanamama mwenye miwani, kile kitabu cha zamani kwapani. Bibi kamfuata palepale barabarani, gauni linaburuza vumbi. Wanapeana mikono. Mwanamama anacheka, anafungua ukurasa wetu, anauliza kama kuna paka bado.

Na huyo paka, mshenzi, ndipo anaanza kulia stoo!

Bibi hakugeuka. Kamshika mgeni kiwiko.

"Andika watu kwanza."

Anamtajia majina. Arana. Mke wa Arana. Beñat. Mimi! Mwanamama kaweka kitabu juu ya boneti, anaandika, mkono hauwahi. Watu wanaacha visu, wanakuja kupanga foleni —