Alizeti Safi Mno ya Mama Mkwe

Dada Raheli, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana hata kupita barabarani hapa Ihanja naona haya.

Nasoma ufundi wa mitambo Dar es Salaam, na tangu watu binafsi waruhusiwe kukamua mafuta, Mzee Chediel, baba wa mchumba wangu Ritha, amenunua mashine ya alizeti, akaniambia, "Mkwe, wewe ndiye msomi, nichoree hopa ya kumiminia mbegu," nami kwa furaha nikaahidi kuijaribu kwanza kwenye kompyuta ya chuo, ambayo inaigiza punje moja moja zinavyoteleza na kusuguana, ila lazima uipe namba za mbegu zenyewe, basi mama mkwe akanipa debe la mfano, nikalibeba hadi Dar, nikamwaga sakafuni nikapima mwinuko wa lundo, na kwenye kompyuta mbegu zikatiririka mpaka wenzangu wakapiga makofi, hopa ikachomelewa, lakini siku ya kuizindua wakulima wakamimina magunia yao na mbegu zikaganda pale pale, Mzee akasema mbele ya watu, "Kompyuta yako hiyo imezoea kula wali," wakacheka wote, na jana ndipo Ritha ameniambia kwamba mama yake aliipepeta ile alizeti mara mbili na kuichekecha, kwani mkwe hapewi kitu chenye makapi, sasa nikisema ukweli namwaibisha mama, nikinyamaza naonekana bure, na Jumamosi wazee wanakutana kuzungumzia harusi, sijui ni kuipanga au kuivunja.

Antipasi, Ihanja

Jibu la Dada Raheli

Antipasi, pole, ila nimecheka mpaka chai imenimwagikia. Kompyuta haikukudanganya. Uliipa alizeti ya heshima, ikakuchorea hopa ya heshima. Wakulima wanapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, wanajaza gunia, wanakuja, na makapi yamo humo humo. Wewe mtoto wa Ihanja umelisahau hata gunia la kwenu?

Kesho asubuhi nenda kwa Mzee, shikamoo itangulie, umwambie: "Baba, nimekosea mimi. Nilipima debe moja tu." Huo ni ukweli mtupu, na mama hajatajwa. Kisha chota mbegu kwenye magunia kumi ya watu tofauti, usipepete hata kidogo. Simamisha sakafuni bomba lisilo na kitako, lijaze mbegu hizo, linyanyue taratibu, upime lundo linalobaki. Ukirudi chuoni ongeza namba ya msuguano kidogo kidogo mpaka lundo la kwenye kompyuta lisimame sawa na hilo. Jaribu tena kwa gunia ambalo hukulipima. Hapo ndipo uchomelee hopa mpya, na utaona bati lake linataka mteremko mkali zaidi.

Jumamosi vaa shati safi, utulie. Mama aliyepepeta debe zima mara mbili ili usione makapi alishakupa binti yake siku ile ile. Hilo nalo hukulipima.